Takwimu za kuni za Ufipa: nyingine niliziandika mimi, nikiwa nimeshiba maharage

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri huu sijui kama humu ndani nimebakiwa na wakubwa.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu watu wanabishana kuhusu nishati ya kupikia. Gesi, mkaa, kuni, nani anamaliza misitu. Mdau mmoja akashusha komenti kwamba watu wa Rukwa wanateketeza kuni ovyo tangu enzi za Ujamaa, na kwamba ripoti za zamani zinaonyesha hivyo. Akapigiwa like za kutosha.

Niliisoma ile komenti, nikaweka simu chini, nikaenda kukaa nje.

Sijui aliisoma ripoti gani. Ila najua kuna fomu za miaka ile nilizijaza mimi kwa mkono wangu, na nilizijaza uongo.

Ninayoandika hapa ni ya kweli tupu. Majina nimebadilisha, kijiji nakihifadhi, ofisi siitaji. Waliokuwepo wengi wameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo hakuna ninayemwogopa. Nilichobaki nacho ni aibu, na aibu, mkuu, haistaafu.

Wale wa "uzi mrefu sana" piteni kushoto. Na wale watani wangu wa radi za Sumbawanga, leo naomba mnipumzishe. Leo nimekuja kujisema mwenyewe.

Haya.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwetu mvua hainyeshi tu, inaishi. Kuni kwetu ni suala la kugeuka nyuma ya nyumba. Mama yangu alikuwa na uwezo wa kukemea moto kwamba umekuwa mkubwa sana. Nimelelewa hivyo, na hilo naliweka mapema maana lina sehemu yake katika ujinga wangu.

Miaka ya sabini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata ukarani kwenye ofisi moja ya serikali Sumbawanga. Nikapanga chumba Chanji, enzi hizo nusu mji nusu mashamba. Nikanunua koti zito, kwa sababu upepo wa Ufipa kuanzia mwezi wa sita haukuulizi umetoka wapi.

Ukitoka mjini kushika njia ya Mwazye, unachoona ni nyasi. Kilima, nyasi, ng'ombe, matuta ya ulezi, nyasi tena. Miti unaihesabu. Mimi kijana wa Tukuyu nilikuwa naona ni mandhari nzuri sana, pako wazi, macho yanafika mbali. Haikunijia hata siku moja kujiuliza hawa watu wanapikia nini.

Wakati huo ndiyo watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa. Waliacha maboma yao ya zamani, yale wanayaita mahame, na kule mahame ndiko walikoacha miti. Ile waliyoipanda wao na baba zao kuzunguka nyumba. Kurudi kule kulipigwa marufuku, kwa hofu kwamba mtu akienda kuokota kuni leo, kesho ataezeka nyumba. Kwa hiyo miti ilikuwa kule, saa mbili kwa miguu, na watu wako huku kwenye mistari mipya ya nyumba katikati ya nyasi.

Akina mama wa kijiji kimoja, ambacho baadaye nilipangiwa mimi, walikuwa wameomba waruhusiwe kwenda mahame kukata kuni, hata kwa siku maalumu. Ombi lilikuwa limekaa mjini muda mrefu bila majibu.

Ndipo ukaja utafiti. Serikali ilitaka kujua kaya zinatumia nini kupikia, kiasi gani, nchi nzima. Sisi makarani tukafundishwa kwa siku chache. Tukapewa fomu na mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza.

Kazi ilikuwa rahisi. Asubuhi unapima fungu la kuni la nyumba, unaiambia ile kaya leo pikeni kutoka fungu hili tu, mpike kama siku zote. Kesho yake asubuhi unapima kilichobaki. Unatoa. Unaandika. Siku tatu kwa kila nyumba, halafu unarudi tena wakati wa masika kwa mzunguko wa pili. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuni, mkaa, mafuta ya taa, mabaki ya mazao, na samadi.

Masharti yalikuwa mawili, na tuliyawekea saini.

La kwanza, karani abebe chakula chake. Usile kwenye nyumba unayoipima, maana mgeni akila, kuni za mgeni zitaingia kwenye hesabu ya nyumba.

La pili, usiwaambie wenyeji matokeo yatatumikaje, maana watabadilisha majibu.

Kabla sijaondoka, mkuu wangu wa kazi akaniita ofisini, akafunga mlango. Akaniambia kile kijiji unachokwenda ndicho chenye ombi la mahame. Wakubwa wako tayari kuwaruhusu wale akina mama, wanasubiri fomu zako tu. Zikionyesha uhaba, kibali kinatoka.

"Na usimwambie mtu," akasema. "Wakijua watakulilia shida hata wasiokuwa nayo."

Nikatoka pale nimevimba kichwa. Mtoto wa Tukuyu, kidato cha nne, kibali cha kijiji kizima kiko mfukoni mwangu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, ardhi imekauka, upepo unapiga vumbi. Nilipangiwa nyumba tano, nami nikaanza na ya Gaspari. Gaspari alikuwa kijana mkulima, mkimya, siku nyingi alikuwa shamba la kijiji. Waliokuwa nyumbani ni mkewe, Mama Adela, mjamzito wa miezi kama saba hivi, Adela mwenyewe akiwa bado mdogo, na mama yake Gaspari, Bibi Yustina.

Wakuu, kama hujawahi kupokelewa na Mfipa wa kijijini, hujapokelewa bado. Yule bibi alichutama, akapiga makofi taratibu, akaniuliza habari ya safari, ya mjini, ya wazazi niliowaacha, mpaka ya ng'ombe wa baba yangu ambao hakuwahi kuwaona. Mimi nimesimama na mizani yangu kama fundi aliyekosea nyumba.

Nikaeleza shughuli yangu. Nikaomba kuona kuni.

Wakatazamana. Kisha Mama Adela akaenda nyuma, akarudi na mzigo wa kuni nzuri ajabu. Kuni kavu, zimepasuliwa kwa urefu mmoja, zimepangwa na kufungwa kwa kamba ya magome. Akaenda tena, akaleta mwingine. Alikuwa amezihifadhi chini ya kihenge cha mahindi.

Nikapima, nikaandika. Moyoni nikasema, mbona hawa wako vizuri tu.

Saa ya chai ya asubuhi nikatoa mkate wangu uliokuwa umeshakuwa mgumu kama tofali. Bibi Yustina akauangalia ule mkate, akaniangalia mimi.

"Mwanangu," akasema, "unataka watu wapite hapa wakuone unakula kikavu kwenye nyumba yangu?"

Nikajitetea kwamba ni sheria ya kazi.

"Sheria ya kazi ni ya huko kazini. Hapa ni kwangu. Unapenda kula nini?"

Hapa ndipo ningeweza kusema chochote. Ningesema mlenda, unaiva ukihesabu mia. Ningesema maziwa ya mgando, hayahitaji hata moto. Ningesema asante bibi, nimeshiba.

Nikasema maharage.

Wapishi wa humu mnajua maharage makavu yanavyokula moto. Yale ya Ufipa, na ule ubaridi wa kule juu, unayaweka asubuhi yanaiva jua likiwa limegeuka. Mama Adela akawasha moto, akakaa na tumbo lake pale jikoni anachochea. Mchana nikaletewa ugali wa ulezi na maharage yaliyopondeka vizuri, na samli juu.

Nikasifia. Nilisifia kupita kiasi, kijana mwenye njaa na adabu za kimisheni. Na kwa kuwa nilisifia, kesho yake yakapikwa tena. Na keshokutwa. Siku tatu, maharage matatu, na kila asubuhi nilipopima fungu nilikuta limeshuka vibaya sana. Nikaandika kile mizani ilichosema.

Si kwamba sikukumbuka lile sharti nililowekea saini. Nilikumbuka kila tonge. Nilijiambia chakula cha mtu mmoja hakiongezi kitu.

Mama Adela alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya tatu niliporudisha sahani nikamwambia, "Mama Adela, nyie mnapika bwana. Kwetu wangesema una mkono."

Akacheka kidogo, akafunika mdomo. "Ukirudi masika utatukuta," akasema.

Habari kijijini haihitaji redio. Nilipohamia nyumba ya pili nikakuta maharage yameshainjikwa. Ya tatu, maharage. Nyumba zote tano, fungu zuri la kuni nje, maharage ndani, karani anakula. Fomu zote tano zikasema kitu kimoja: kijiji hiki kina kuni, na kinazichoma bila woga.

Nikarudi mjini. Mkuu wangu akazipitia fomu, akaniambia nimefanya kazi safi, mwandiko mzuri, hakuna nafasi iliyoachwa wazi. Zikapelekwa mbele. Akasema mzunguko wa pili ukienda hivi, jina langu litapelekwa kwa ajili ya mafunzo Dar es Salaam. Nikamwandikia baba barua siku hiyo hiyo.

Juu ya mahame alitikisa kichwa tu. "Inaonekana walikuwa wanatia chumvi," akasema. "Tuone masika, ila sidhani."

Na mimi, wakuu, nikaitikia. Nikasema, "Ndiyo mzee, kuni wanazo."

Masika ikaja. Mvua za Ufipa zikishika, barabara inakuwa uji. Nilikuwa nimewapelekea taarifa kwamba nitafika Jumatano. Nikapata lori lililokuwa linawahi kabla barabara haijafunga, nikafika Jumanne asubuhi, mvua ya manyunyu, nimelowa mpaka soksi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Gaspari. Kufika, naona mlangoni pananing'inia mkeka.

Nikapiga hodi. Nikasikia hekaheka ndani, kama watu wanaficha kitu. Nikapiga tena, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanichapa, nikasogeza mkeka nikaingia.

Moshi ulinipokea machoni. Haukuwa moshi wa kuni. Bibi Yustina alikuwa ameinama kwenye mafiga, anajaribu kufunika moto kwa ungo. Nyuma yake kulikuwa na magunzi ya mahindi yaliyolowa, na mikate ya samadi ya ng'ombe imepangwa ukutani ikikauka. Kwenye mafiga hata samadi yenyewe ilikuwa haiwaki, inafuka tu.

Mama Adela alikuwa amekaa pembeni na kichanga amejifunika shuka na gunia.

Bibi aliponitambua aliacha ungo, akachutama kunisalimia. Alipiga makofi kama siku ile. Ila hakuniangalia usoni.

Nikasema shikamoo bibi, hongereni kwa mtoto. Kisha nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Bibi, mlango umepatwa na nini?"

Akageukia mafiga, akapuliza moto.

"Mlango tuliupikia uji," akasema.

Maelezo nililazimika kuyavuta neno kwa neno, na mengine aliniambia Mama Adela mwenyewe.

Kumbe kule, mwanamke akishika mimba anaanza kukusanya kuni za uzazi. Anazitafuta mbali, kidogo kidogo, tumbo likiwa bado jepesi. Anazipasua, anazipanga, anazificha chini ya kihenge, na hazigusi kwa chochote. Ni za maji ya moto siku ya kujifungua, uji wa mzazi, na kuipasha nyumba joto mtoto akiwa mchanga. Siku nyingine zote wanapikia magunzi, mabua na samadi, na maharage wanayauza mabichi kwa sababu kuni za kuyachemsha hawana.

Mizigo ile miwili niliyoitundika kwenye mizani yangu ndiyo ilikuwa kuni za uzazi za Mama Adela.

Mgeni hapikiwi kwa mavi ya ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya bibi. Mgeni wa serikali ndiyo kabisa. Walidhani siku mbili tatu za mgeni zingeacha kitu. Lakini mgeni akapenda maharage.

Baada ya mimi kuondoka, Mama Adela alijaribu kwenda porini kuziba pengo, tumbo likakataa. Mvua zikaanza. Gaspari akiwa amekwenda Muze kuchukua mbegu, uchungu ukamshika mkewe, samadi yote imelowa, kwa majirani hali ni ile ile. Bibi Yustina alichukua shoka, akaushusha mlango wa mbao ambao mwanawe aliununua mjini mwaka waliohamia, akaupasua. Akachemsha maji, akapika uji. Mlango ukaisha siku ile ile.

Tangu hapo wanalala na mkeka, mtoto mchanga, ubaridi ule. Kifua cha mtoto kilikuwa kinakoroma. Niliusikia ule mkoromo muda wote tuliokuwa tunaongea.

Wakuu, sijawahi kujisikia mdogo namna ile. Nilitamani ile nyasi ya nje inifunike.

Nikatoa fomu. Nikafika kwenye nafasi ya samadi.

Bibi Yustina hakujua kusoma, lakini alijua ninachotaka kufanya. Akanishika mkono.

"Usiandike hiyo, mwanangu. Nakuomba. Wataandika huko kwamba Wafipa wanapikia mavi ya ng'ombe. Wajukuu zangu watachekwa shuleni."

Hapo palihitajika sentensi moja tu kutoka kwangu. Ningemwambia, bibi, nikiandika hii mtaruhusiwa kwenda mahame, mtapata kuni za miti yenu. Angeniachia mkono. Naamini angeniitia na majirani wote waje waandikwe.

Sharti la pili lilikuwa limenikataza kusema, sawa. Lakini la kwanza nilikuwa nimeshalivunja kwa maharage, kwa hiyo msinione kama mtu wa masharti.

Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu zangu. Nikiandika samadi, mkuu wangu atauliza mbona mwezi wa kumi kulikuwa na kuni tele. Nitalazimika kueleza kwamba nilikula. Nyumba tano, siku kumi na tano. Mafunzo ya Dar yameondoka, na kazi huenda nayo. Na barua nilikuwa nimeshamwandikia baba.

Kwa hiyo ombi la bibi likanifaa. Nikajifanya namheshimu mzee.

"Sawa bibi," nikasema. "Sitaandika."

Akanipigia makofi ya shukrani. Ameinama pale kwenye moshi, ananishukuru mimi.

Nikaandika kuni. Nilichukua namba za mwezi wa kumi nikazipunguza kidogo ili ionekane ni masika, nikajaza siku zote tatu nikiwa nimekaa nyumba ya mwalimu niliyofikia, bila kupima chochote. Nyumba nyingine nne nazo nikajaza hivyo hivyo. Sikula kwa mtu safari hiyo. Nilikula mkate wangu mkavu, eti ndiyo najitakasa.

Nilimwachia Mama Adela koti langu. Alikataa, nikaliweka juu ya kihenge nikaondoka. Mtanisamehe, hata hilo koti sijui kama ni wema au ilikuwa ni kujinunua.

Mtoto alipona kifua, hilo nilikuja kulisikia baadaye, na nilishukuru Mungu kwa magoti. Lakini kibali cha mahame hakikutoka. Jibu lilisema kijiji kina nishati ya kutosha na wananchi waelimishwe kupunguza matumizi. Waelimishwe, wakuu. Watu wanaopikia samadi wakatumiwa bwana mmoja kuwahutubia wasipoteze kuni.

Mimi nilikwenda Dar. Nilisoma, nikapanda vyeo, nikaishi maisha yangu. Nimekaa vikao vingi vya nishati na mazingira. Kila nilipoona jedwali la matumizi ya kuni vijijini, nilikuwa wa kwanza kufungua ukurasa unaofuata.

Nilipostaafu nikaona siwezi kufa na hili. Nikapanda basi mpaka Sumbawanga, siku hizi ni lami mtu unasinzia tu. Kijijini nikaambiwa Bibi Yustina alishafariki zamani, Gaspari naye, na Mama Adela anaishi mjini Chanji kwa binti yake Adela.

Nikamkuta barazani anachambua ulezi. Amezeeka, ila nilimtambua kwa ile namna ya kufunika mdomo akicheka. Nikajitaja. Akaweka ungo chini.

"Bwana karani," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nianze na maharage au nianze na fomu. Nikafungua mdomo.

Akaniwahi.

Akasema amenitafuta miaka mingi aniombe msamaha. Kwamba walinidanganya. Baadaye kijijini ilijulikana kwamba mahame walinyimwa kwa sababu ya zile kuni nilizopima, na wenzake walimlaumu yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kutoa kuni na kupika maharage, wao wakamwiga. Kuna waliokaa naye kanisani bila kumpa mkono. Kuna mama mmoja aliporudi kutoka porini mgongo umeumia, alipita mlangoni pake akamwambia, "Huu mgongo ni wa maharage yako." Amebeba hayo maneno miaka yote.

"Wewe ulikuwa mtoto wa watu, umetumwa kazi," akasema. "Sisi tukakufanya uandike uongo bila kujua. Nisamehe, baba."

Bila kujua.

Alikuwa anadhani sikujua. Pamoja na kwamba nilikuwepo, nilisikia, nilishikwa mkono, yule mama alikuwa amejiaminisha kwamba karani msomi hawezi kuandika uongo akijua. Kwamba safari ile ya masika fomu zilikuwa zimeshafungwa na sikuwa na namna. Alikuwa amenitafutia utetezi ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuupata.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Hapana mama, nilijua. Kibali kilikuwa mikononi mwangu na niliwauza kwa ajili ya mafunzo. Wenzako wangeambiwa hivyo, ungezeeka na amani.

Nikamwangalia. Alikuwa amenikazia macho, anasubiri jibu, mikono ameikusanya kifuani tayari kushukuru.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Akapiga makofi. Akalia. Binti yake akatoka ndani kuona kuna nini, naye akanishukuru.

Nikanywa chai, nikapanda basi nikarudi. Alifariki mwaka uliofuata, nilipigiwa simu na Adela. Kwenye simu akaniambia mama yake alikuwa akisema tangu nije moyo wake umekuwa mwepesi. Nikasema poleni.

Nilichojifunza? Kwamba ukipewa kazi ya kuhesabu maisha ya watu, angalia kwanza wanakutolea nini, na wamekitoa wapi. Na kwamba uongo wa mwenye kalamu hauishi kwenye karatasi, kuna mtu mahali anaulipia bila kujua umeandikwa na nani. Hayo ni ya vijana mnaozunguka na tableti siku hizi mkiuliza watu wanapikia nini.

Mimi langu limeshapita. Wenye maswali ulizeni, wenye kunisema nisemeni, nitasoma kila komenti na sitajitetea hata moja. Nimewaletea ninyi kwa sababu yule niliyetakiwa kumwomba msamaha, mimi nilimsamehe.